Najifunza kutengeneza tovuti nyumbani kwa desktopu ya zamani, nimekwama sehemu tatu, naombeni msaada

Spea_Kahama

Wakuu habari za jioni. Niseme tu mapema mimi sijasomea kompyuta popote, nilimaliza fomu foo nikaingia dukani, huu mwaka wa tano nauza spea za pikipiki hapa Kahama. Mwezi wa pili nilinunua desktopu ya mtumba, Dell OptiPlex ya zamani, Core i5 ya kizazi cha pili, RAM 4GB, hadi diski 500GB, monita nikapewa na shemeji. Nimeiweka chumbani ninapolala, nikifunga duka saa moja jioni nakula halafu nakaa nayo mpaka saa tano saa sita usiku.

Sitafuti ajira kwenye hii kitu. Ninachotaka ni ukurasa mmoja wa duka letu, dereva wa boda akiwa Isaka au Kagongwa anafungua kwenye simu anaona kama cheni ya Boxer ipo na ni shilingi ngapi kabla hajachoma mafuta kuja mjini akaambiwa imeisha. Maana sasa hivi wanapiga simu kutwa nzima kuuliza bei na mimi niko na mteja mbele yangu, nikipokea huyu ananuna, nisipopokea yule anaenda duka lingine.

HTML nimeielewa, CSS kiasi chake, JavaScript nimeigusa tu, PHP nina wiki tatu kwa sababu nataka bei zikae kwenye databesi nibadilishe sehemu moja basi. Nimeweka XAMPP, kile kifurushi kinacholeta Apache, PHP na databesi ya MySQL kwa pamoja. Sasa nilipokwama.

Kwanza hii mashine ina tabia, umeme ukikatika halafu ukarudi nikiwasha, karibu tovuti zote zinagoma, brauza inasema muunganiko sio salama, nikibonyeza kuendelea nyingine zinakubali nyingine zinakataa kabisa. Baada ya kuhangaika kama nusu saa inakaa sawa yenyewe, sijui inakaaje. Nilidhani ni virusi nikapiga Windows upya mara mbili na bado.

Halafu PHP. Faili nimelihifadhi vizuri tu, nikilibofya mara mbili naona mistari yenyewe niliyoandika, haifanyi kazi. Na kwenye XAMPP Apache haiwi kijani, inaandika maneno mekundu kuhusu poti 80.

Ya mwisho ni simu. Kuna siku Apache iliwaka, sijui ilikuwaje, ukurasa ukafunguka kwenye mashine kwa localhost. Nikachukua simu nikaandika localhost vile vile, hakuna kitu. Intaneti natumia ya simu hiyo hiyo kwa waya wa USB.

Na kuna kijana mmoja mtu wa IT kaniambia napoteza muda na PHP, nihamie React, ile maktaba ya JavaScript ya kutengenezea kurasa. Hilo limeniumiza kichwa kuliko hata hayo matatu. Nawasilisha.

Fundi_Waya

Mkuu hiyo ya kwanza usipige tena Windows, utajichosha bure. Umeme ukikatika tena, ukiwasha tu mashine kabla hujafungua chochote angalia tarehe pale chini kulia. Nakuhakikishia utakuta imerudi miaka ya nyuma huko.

Ni betri ya CMOS hiyo. Kwenye mazabodi kuna kibetri cha duara kama sarafu, kazi yake ni kuiwezesha saa ya mashine kuendelea kutembea hata waya ukichomolewa. Mashine za mtumba nyingi zinafika hapa hicho kibetri kimeshakufa. Kinaitwa CR2032 na namba yenyewe inakupa kipimo, 20 ni upana milimita 20, 32 ni unene milimita 3.2, kwa hiyo usiuziwe 2025 au 2016 ukaambiwa ni zile zile. Bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai.

Sasa tarehe inahusiana nini na tovuti kugoma? Kila tovuti ya https ina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Brauza inachukua hizo tarehe inalinganisha na saa ya mashine YAKO. Mashine ikisema tuko 2011, cheti cha mwaka huu kinaonekana bado hakijaanza kutumika, brauza inakataa. Na hiyo nusu saa unayosema inajiponya yenyewe, ni pale Windows inapofanikiwa kuuliza saa sahihi kwenye intaneti ikajirekebisha.

Kubadilisha: zima, chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza pawa kama sekunde kumi umeme uliobaki uishe, gusa bati la kava, toa kibetri kwa kusukuma kale kabanio pembeni, weka kipya maandishi na alama ya + yakiangalia juu. Washa, gonga F2, weka tarehe na saa, sevu.

Na ukiwa umeshafungua kava, piga vumbi kwenye feni kwa brashi laini ya rangi, halafu hesabu nafasi za RAM. Kama kuna nafasi tupu ongeza 4GB nyingine, ni DDR3 ya desktopu hiyo, ya laptopu ni fupi haiingii. Ila kama hela ni ya kitu kimoja tu usinunue RAM, nunua SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi. Fungua Task Manager uone pale kwenye diski, naamini inakaa 100% muda wote mashine ikiwaka. Kwenye hizi mashine kuukuu kinachokuchelewesha ni hadi diski kuliko prosesa, ukiweka SSD hata ya 120GB utadhani umenunua mashine nyingine, na ile ya zamani unaiacha ndani inatunza mafaili.

Mzee_wa_Seva

Kijana hongera, na kazi unayoitaka ni kazi ya maana. Hizo shida mbili za chini, ya PHP na ya simu, mimi naziona ni moja, na ukiielewa hiyo moja utakuwa umeruka ukuta ambao nimeona vijana wenye vyeti bado wanauzunguka.

Tovuti ni wawili wanaoongea, mmoja anaomba mwingine anajibu. Dukani kwako dereva anafika kaunta anasema nipe cheni ya Boxer. Unaingia stoo, unatafuta kwenye shelfu, unarudi na cheni mkononi. Dereva haingii stoo, na wala hajui umeitoa shelfu gani. Sasa brauza ndiye huyo dereva, Apache ndiye wewe uliyesimama kaunta, PHP ni yale maelekezo ya namna ya kutafuta, databesi ndiyo mashelfu. Ulipobofya faili la PHP mara mbili ulimpitisha dereva nyuma ya kaunta ukampa karatasi ya maelekezo aisome mwenyewe. Haielewi. Brauza inaelewa HTML, CSS na JavaScript, PHP haiijui kabisa.

Kipimo chake kiko juu kwenye anuani. Ikianza na file:/// ujue umempita mtu wa kaunta. Ikianza na http:// ujue umeomba kwa utaratibu. Kwa hiyo tengeneza folda C:\xampp\htdocs\spea, faili lako liite index.php, kisha kwenye brauza andika http://localhost/spea/. Likifunguka, bofya kitufe cha kulia uangalie chanzo cha ukurasa. Utaona HTML peke yake, ile mistari ya PHP haimo. Kaa hapo uangalie vizuri, usipite haraka, kwa sababu hapo ndipo utaelewa kwamba PHP imeshafanya kazi na kumaliza kabla ukurasa haujafika kwenye brauza.

Poti 80. Kompyuta moja ina kaunta nyingi na kila moja ina namba, http ya kawaida ni kaunta 80, https ni 443. Apache inataka kusimama 80 inakuta kuna programu imeshasimama pale. Fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike

netstat -ano | findstr :80

Angalia mstari wenye 0.0.0.0:80, mwisho wake kuna namba, ndiyo PID, yaani namba ya programu iliyoshika hiyo poti, itafute kwenye Task Manager upande wa Details. Ikiwa ni 4 mara nyingi ni huduma ya Windows inayoitwa World Wide Web Publishing Service, unaweza kuizima kwenye Services. Au muachie huyo kaunta yake wewe uhame: kwenye XAMPP bonyeza Config ya Apache, fungua httpd.conf, tafuta Listen 80 uandike Listen 8080, na pale ServerName localhost:80 uweke localhost:8080. Kuanzia hapo anuani yako ni http://localhost:8080/spea/. Ile siku ilipowaka yenyewe naona aliyeshika 80 alikuwa bado hajaamka.

Simu sasa. Localhost maana yake ni "mimi mwenyewe", namba yake 127.0.0.1. Ukiiandika kwenye kompyuta, kompyuta inajitafuta yenyewe. Ukiiandika kwenye simu, simu inajitafuta yenyewe, na kwenye simu hakuna Apache. Wewe unataka simu iite kompyuta, kwa hiyo iite kwa namba ya kompyuta. CMD, andika ipconfig, tazama mstari wa IPv4 Address, kwa waya wa USB mara nyingi huanza na 192.168. Tuseme umeona 192.168.42.15, kwenye simu unaandika http://192.168.42.15:8080/spea/ basi. Ikigoma ni ukuta wa Windows, yaani Firewall, nenda uiruhusu Apache HTTP Server kwenye mtandao huo uliounganishwa. Na hii safari haili bando, simu na kompyuta wanaongea wenyewe kwa wenyewe ndani ya waya, hata salio la intaneti likiwa sifuri ukurasa wako utafunguka.

Jambo moja nakuomba kwa mkazo. XAMPP ni ya kujifunzia ndani. Databesi yake inakuja na mtumiaji root asiye na neno la siri. Usije ukafungua rauta watu wa nje waingie kwenye hiyo mashine ya chumbani. Ukurasa ukikamilika unakodi hostingi ndogo yenye PHP, yaani nafasi kwenye seva ya watu inayowaka muda wote, unanunua jina la .co.tz kwa wakala wa majina hayo, unapeleka mafaili huko.

Spea_Kahama

Shikamoo mzee. Huo mfano wa kaunta umeniingia mpaka nimesimama kwenye kiti. Ilikuwa PID 4 kweli. Nimehamia 8080, sasa hivi saa tano na robo usiku naangalia ukurasa wangu KWENYE SIMU. Maandishi ni madogo sana kama ya chungu lakini ni wangu. Asante sana. Fundi, kesho natafuta kibetri.

binti_likoni

Habari zenu, mimi nasoma kutoka Mombasa na nilianza hivi hivi, laptopu kuukuu mapajani na mtoto amelala kando.

Ndugu, hayo maandishi madogo dawa yake ni mstari mmoja, uweke ndani ya head, ile sehemu ya mwanzo ya HTML:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Usipouweka, simu inadhani ukurasa ni wa kompyuta, inauchora kwa upana wa pikseli kama 980 kisha inaukandamiza uenee kwenye kioo. Ukiuweka, inachora kwa upana wake yenyewe. Na kwa vile wateja wako wote ni wa simu, anza kuchora kwa simu, kompyuta itafuata baadaye. Mimi nilifanya kinyume, nikapendezesha kwenye laptopu wiki mbili, kisha nikaja kuvunja kila kitu upya.

Picha nazo usizipakie vile zilivyotoka kwenye kamera. Picha moja ya simu yaweza kuwa MB 4, ukiweka spea kumi na mbili hiyo ni MB 48 dereva anazilipia kwa bando lake ili aone bei ya plagi. Hatarudi tena. Zipunguze upana zifike pikseli 600 hivi, zihifadhi kwa JPEG au WebP, utaona KB 50 mpaka 80 na spea yaonekana vizuri tu. Kwenye brauza bonyeza F12, nenda Network, chagua kasi ya 3G kisha fungua ukurasa wako na ungoje. Vile unavyongoja wewe ndivyo atakavyongoja yule aliyesimama juani na pikipiki.

Jina la faili pia. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Cheni.JPG na cheni.jpg kwake ni kitu kimoja. Seva nyingi za hostingi ni Linux, kwao hayo ni mafaili mawili tofauti. Nyumbani kila picha itaonekana, ukipeleka kwenye hosti nusu zitakuwa hazipo na utalia. Andika yote kwa herufi ndogo bila nafasi tangu leo.

Na hili la mwisho lilinitoa machozi kwa hivyo nalisema. Nilikuwa natengenezea mama mmoja anayeuza mabuibui mfumo wa oda kwenye XAMPP, stima ikapotea katikati ya kazi, iliporudi MySQL ikakataa kuwaka. Nikasoma mahali nifute faili moja linaitwa ibdata1, nikalifuta. Oda zote zilienda, sikuwa na nakala popote, nikaketi na yule mama tukaziandika upya kutoka kwa daftari na meseji za WhatsApp siku mbili. Usilifute hilo faili kamwe. MySQL ikigoma baada ya umeme kukatika, ipe folda ya C:\xampp\mysql\data jina lingine, data_old, nakili folda ya backup iliyo pale pale uiite data, kisha kutoka data_old rudisha folda ya databesi yako pamoja na hilo faili la ibdata1. Hapo mara nyingi inaamka. Na kila usiku kabla ya kuzima, fungua phpMyAdmin, ule ukurasa wa XAMPP wa kusimamia databesi, bonyeza Export, faili la .sql uliweke kwenye fleshi.

kodi_usiku

Mimi nitatofautiana kidogo, yule kijana wa IT hajakosea sana. Soko la ajira sasa hivi linataka React, mtu akianza na PHP anajichelewesha, na asipozoea mapema atapata tabu baadae.

Mzee_wa_Seva

Mdogo wangu soko la ajira ni kweli, lakini msome tena muuliza swali, kasema hatafuti ajira. Ana orodha ya spea na bei zinazobadilika na wateja wenye simu za bei nafuu. React ilitoka Facebook mwaka 2013 kutatua shida ya kurasa ambazo vitu vinabadilikabadilika kwenye skrini muda wote mtu akiwa ameifungua. Orodha ya bei haina hiyo shida. PHP yenyewe Rasmus Lerdorf aliianza 1994 kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, na herufi zile mwanzoni zilisimama badala ya Personal Home Page. Huyu kijana anaitumia kwa kazi ile ile iliyoizaa.

Na akimaliza hii, siku akienda React ataikuta inaomba data kwenye seva na atajua seva ni nani. Wanaoanzia kule juu wengi hawajui ombi lao linaenda wapi, likikwama wanabadilisha maktaba badala ya kuangalia kwenye Network ombi limejibiwa nini.

Spea_Kahama, ukifika kwenye kutafuta spea, usiunganishe maneno ya mteja moja kwa moja ndani ya SQL, ile lugha ya kuulizia databesi. Tumia PDO, njia ya PHP ya kuongea na databesi, prepare halafu execute, ili maneno ya mteja yapite peke yake bila kuchanganyika na amri. Mtu akiandika alama ya ' kwenye kisanduku cha kutafuta anaweza kukusomea au kukufutia jedwali zima. Soma hilo kabla hujaandika mstari hata mmoja wa fomu.

kodi_usiku

Nimekuelewa mzee, kwa kazi yake kweli inatosha.

Spea_Kahama

Wakuu nimerudi, ni siku ya kumi na moja. Kibetri nimeweka, umeme umekatika mara tatu tangu hapo na tarehe haijatingishika. Fundi Mungu akubariki, nilikuwa najiandaa kuiuza hii mashine. SSD bado, mwisho wa mwezi.

Ukurasa una spea 64, picha zote KB 70 kushuka, PDO nimetumia. Jana niliubeba dukani kwa laptopu ya kuazima, nikawapa madereva watatu waufungue kwa simu zao kwa hotspoti yangu, mimi nikakaa kimya nikawa naangalia vidole vyao. Wa kwanza kaandika "spoketi". Haikuleta kitu. Kaniangalia kasema aah hamna. Ipo, mimi nimeiandika "sproketi" kama ilivyo kwenye boksi. Wa pili kaandika "brek shuu", mimi nina "breki shoo". Wa tatu kaandika "cheni boxa". Yaani vitu vyote vitatu viko kwenye shelfu nyuma yangu na ukurasa wangu unawaambia havipo. Nimetumia LIKE, ile amri ya SQL ya kutafuta kipande cha neno, na alama za asilimia pande zote na bado. Usiku sikulala vizuri. Hapa nafanyaje?

Mzee_wa_Seva

Hapo umefanya kitu ambacho wengi hawakifanyi, umekaa kimya ukaangalia vidole. LIKE inalinganisha herufi, haijui kwamba spoketi na sproketi ni chuma kile kile.

Ongeza safu moja kwenye jedwali, iite majina_mengine, na ndani yake andika kila namna madereva wanavyoitamka hiyo spea, spoketi, sproketi, spoketi ya nyuma, vyote. Kutafuta kuangalie jina na hiyo safu pamoja. Na maneno ya mteja yakate kwenye nafasi utafute neno moja moja, ndipo "cheni boxa" itapata cheni hata kama neno la pili hulijui. Halafu tengeneza jedwali dogo la pili, kila neno lililotafutwa likakosa jibu PHP iliandike humo na tarehe. Kila jioni ukifunga duka unalisoma, unajaza majina. Wiki mbili tu madereva watakuwa wamekuandikia kamusi yote.

Spea_Kahama

Naanza sasa hivi. Nimeshakumbuka kumi na moja za plagi peke yake.